Asiyetulia Anakimbia Nini?

Leo tumzungumzie mtu ambaye kila ukoo unaye na kila ofisi inamjua: mtu asiyetulia. Simsemi mvivu wala mzembe. Huyu ni mchangamfu, mwepesi wa wazo, jasiri wa kuthubutu, na watu wanampenda kwa hayo. Akiingia kwenye kikao kilichosinzia, kikao kinaamka. Lakini mrudie baada ya mwaka umuulize lile jambo limefikia wapi, naye atakusimulia habari za jambo jingine kabisa, kwa furaha ileile.

Wapo wanaomwita kiguu na njia. Wengine husema ana kimuhemuhe. Tukishampa jina tunacheka, kisha tunaendelea na yetu. Mimi naona jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, maana nimewaona watu wenye vipaji vikubwa wakifika utu uzima mikono mitupu, na hawakukosa akili wala bahati, na wengine hata mtaji waliupata zaidi ya mara moja. Vipaji hivyo waliviacha njiani wenyewe. Nami nashikilia kwamba tunakosea tunapodhani mtu wa namna hii ana nguvu nyingi kupita kiasi. Anakimbia. Na mbio zake zinatumia vipaji vyake vyote vizuri kumnyang'anya matunda ya kazi yake mwenyewe.

Maelezo ya tabia hii yanayonishangaza mpaka leo kwa usahihi wake hayakuandikwa na daktari wa zama zetu. Yaliandikwa na mtawa wa karne ya 4, Evagrius wa Ponto. Alizaliwa yapata mwaka 345 katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akawa shemasi mwenye sifa katika mji wa Constantinople, akapendana na mke wa mkubwa mmoja, akauacha mji. Akapita Yerusalemu, kisha yapata mwaka 383 akaingia Misri. Huko, katika jangwa lililo kusini mwa Aleksandria, mahali palipoitwa Kellia, aliishi kama miaka kumi na minne mpaka alipofariki mwaka 399. Watawa wa Kellia waliishi kila mmoja katika kibanda chake, wakikutana mwisho wa juma kwa sala. Siku nyingine zote ni wewe, kibanda, kazi ya mikono na mawazo yako. Wengine walisuka vikapu na kamba za makuti ya mitende. Evagrius alinakili vitabu kwa mkono, akajipatia mkate.

Sasa sikiliza alichokiona. Saa zao walizihesabu kama tunavyozihesabu sisi, kuanzia macheo. Evagrius anasema liko pepo linalomvamia mtawa kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Kwanza jua linaonekana limegoma kusogea, na siku inaonekana ina saa hamsini. Mtawa anakwenda dirishani. Anatoka nje kulitazama jua, apime imebaki kiasi gani kufika saa tisa, wakati wa chakula. Anaangaza macho huku na huku, huenda ndugu mmoja anakuja kumtembelea. Hatokei mtu. Basi anaanza kupachukia mahali pale, anaichukia kazi ya mikono yake, anaona upendo umetoweka kati ya ndugu, hakuna wa kumfariji. Akimkumbuka aliyemuudhi juzi, chuki inapanda. Ndipo linapomjia wazo la mahali pengine, ambako mahitaji hupatikana kwa urahisi na kazi ni nyepesi yenye faida zaidi. Na hoja inakamilika kwa uchaji: Mungu si wa mahali pamoja, huabudiwa popote. Mwishowe anakiacha kibanda.

Yatazame mawazo hayo moja moja, msikilizaji. Hakuna hata moja linalomwambia kimbia. Yote yanakuja yamevaa kanzu ya busara. Kutafuta mahali penye riziki nafuu ni busara. Kutaka ndugu wenye upendo ni haki. Kusema Mungu yupo popote ni kweli tupu. Na ndiyo maana Evagrius alilihesabu pepo hili kuwa zito kuliko yote manane aliyoyaorodhesha, yakiwamo pepo la hasira na pepo la kiburi. Ulafi unaonekana. Hasira inasikika hadi kwa jirani. Hili linazungumza kwa sauti yako mwenyewe, tena sauti yako ya hekima.

Na angalia wakati linapopiga. Asubuhi na mapema halipo, kwa sababu kuna upya. Jioni halina nguvu, kwa sababu mwisho unaonekana. Linapiga katikati. Kila jambo la maana maishani lina katikati yake, pale ambapo harufu ya upya imeisha na matunda hayajaonekana. Duka lina saa nne yake mwezi wa tano au wa sita, wateja wa kuja kushangaa wakiisha na wateja wa kudumu wakiwa hawajatosha. Anayejifunza cherehani anaifikia akishaweza mshono mnyoofu na kukutana na kola na mikono. Mwanafunzi wa chuo huipata mwaka wa pili. Ndoa nayo inayo, na mwenye ndoa anaijua kuliko mimi nitakavyoieleza hapa.

Yupo jamaa yangu wa karibu ambaye jina lake litabaki kwangu. Uani kwake kuna banda la sungura, halina sungura. Kando ya banda kuna mashine ya kutotolesha vifaranga, trei moja imetumika na nyingine bado ina nailoni yake. Kuna mashine ya bisi ndani ya boksi. Kuna mipira ya kumwagilia kwa matone, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba, iliyokusudiwa matikiti. Ndani, sebuleni, cherehani ya umeme imefunikwa kanga. Nilimuuliza habari za kila kimoja, naye alinijibu bila kusita. Umeme ulikuwa unakatika na mayai yakaharibika. Soko la sungura lilikuwa maneno matupu. Mshirika wa matikiti hakuwa mkweli. Sababu zote zilikuwa za kweli, naweza kuzishuhudia. Lakini nilipoyapanga majibu yake kwa utaratibu wa wakati, niliona kila kitu kiliachwa kwenye hatua ileile: baada ya kununua vifaa na kuvijua, kabla ya faida ya kwanza ya maana. Na siku ile mwenyewe alikuwa anaeleza, macho yanang'aa, habari za parachichi za kupandikiza. Parachichi hizo, hata zikitunzwa vizuri, hazianzi kuzaa vya kutosha kabla ya miaka mitatu au minne. Nilimwangalia nikaona huzuni, kwa sababu nampenda na najua ana uwezo.

Tusimtwishe peke yake. Kuna nyakati jamii nzima hushikwa. Wasikilizaji wetu wa Kenya wanakumbuka mwaka 2013 na 2014 kware walivyovuma. Ndege yule alikuwa wa porini kisheria, hivyo mfugaji alihitaji kibali cha shirika la wanyamapori, na watu walipanga foleni kukitafuta kibali hicho. Mayai yake yalisifiwa kutibu kila ugonjwa, yakauzwa kwa bei ambayo yai la kuku halijawahi kuiota. Kila mtu akafuga. Muda si mrefu bei ikaporomoka, na walioingia mwisho wakabaki na ndege wa kula wenyewe. Waliotajirika ni wachache waliotangulia na waliouza vifaranga kwa wengine. Na mfugaji wa kuku aliyekuwa ameliacha banda lake kwenda kwa kware alilazimika kuanza upya.

Kwa nini mwanzo ni mtamu hivi? Hapa sayansi inatusaidia. Katika miaka ya 1990, Wolfram Schultz, akifanya kazi Uswisi, alipima seli za ubongo wa nyani zinazotumia kemikali iitwayo dopamini. Nyani alipewa tone la juisi. Mwanzoni seli zilichangamka juisi ilipofika mdomoni. Baadaye nyani alijifunza kwamba ishara fulani hutangulia juisi, na hapo seli zikaanza kuchangamka kwenye ishara. Juisi yenyewe ilipofika, kimya. Na ishara ikitokea halafu juisi isije, seli zilishuka chini ya hali yake ya kawaida. Binadamu ana mambo mengi kuliko nyani na juisi, lakini msikilizaji unaona mwanga hapa. Ubongo unachangamkia ahadi ya kitu, hasa ahadi mpya. Kitu kilichotarajiwa kikija kama kilivyotarajiwa, hausisimki. Jamaa yangu alikuwa na furaha ya kweli siku ile akinieleza parachichi. Ilikuwa furaha ya ishara. Na mtu aliyezoea kuishi kwa furaha ya ishara atahitaji ishara nyingine kila hii ya kwanza inapogeuka kuwa kazi.

Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu ya pili inauma zaidi.

Mwaka 2014 Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha majaribio yao katika jarida la Science. Waliwaomba watu wakae peke yao chumbani dakika chache, bila simu, bila kitabu, bila kalamu, wawe na mawazo yao tu. Wengi hawakupenda. Katika jaribio moja waliongeza jambo. Kabla ya kukaa, kila mtu alionjeshwa shoti ndogo ya umeme, na waliohesabiwa ni wale waliosema shoti ile ni mbaya kiasi kwamba wangelipa fedha wasiipate tena. Kisha wakaachwa dakika 15 peke yao, na kitufe cha shoti kipo. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti angalau mara moja. Wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Mmoja wa wanaume alijipiga mara 190, wakamwondoa kwenye hesabu ya wastani kwa kuwa alizidi mno.

Mtu anachagua maumivu aliyokwisha kusema angelipa ayaepuke, mradi asibaki na nafsi yake robo saa. Ndani ya chumba kile hamkuwa na adui. Kilichokuwamo ni mtu mwenyewe.

Ndipo nauliza: asiyetulia anakimbia nini? Mtazame msibani. Wenzake wameketi mkekani na wafiwa, kimya, machozi yanadondoka. Yeye hajakaa. Amekwenda kutafuta viti, amerudi, ameondoka tena kufuata maji, anapiga simu za usafiri, anahesabu sufuria. Watu wanamsifu, na sifa anastahili, maana shughuli haiendi bila watu wa namna hii. Lakini ukimfuatilia kutoka msiba hadi arobaini hutamwona amekaa na aliyefiwa akamsikiliza, hata marehemu akiwa ni mama yake mwenyewe. Huzuni ikisogea, mguu wake umeshatangulia. Ukimuuliza, atasema yeye hapendi kuonyesha majonzi. Ukweli ni kwamba hajui atafanya nini akiwa ndani ya majonzi. Hajawahi kukaa humo akatoka salama, kwa hiyo anaamini hayana mlango wa kutokea.

Mara nyingi imani hiyo ni ya zamani. Mtoto anayekulia katika nyumba ambamo sauti hupanda usiku, au ambamo hakuna wa kumbembeleza akiumia, anajitafutia dawa kwa akili ya kitoto. Anatoka mbio kwenda uwanjani. Anabuni mchezo. Anachekesha watu. Dawa ile inafanya kazi, na kwa umri ule huenda haikuwapo nyingine. Sikulaumu wewe uliyeitumia. Lakini miaka inapita, hatari ile haipo tena, baba mkali amezeeka na kuwa mpole, nawe bado kila hali nzito ikikusogelea unatoka mbio. Tofauti ni kwamba siku hizi uwanja ni biashara mpya, mji mpya, mchumba mpya, kozi mpya.

Shirzad Chamine, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford, alichapisha mwaka 2012 kitabu kuhusu tabia ambazo mtu hujihujumu nazo. Anazihesabu kumi: kuna Hakimu, yaani ile sauti ya kujilaumu na kulaumu wengine, na wasaidizi wake tisa. Mmoja wa hao tisa ni Asiyetulia. Orodha yake imetoka katika kazi ya kuwashauri wakuu wa makampuni na wanafunzi. Haikutoka wodini, kwa hiyo usiichukue kama cheti cha daktari. Mimi naiona inafaa kama kioo. Tena napenda jinsi alivyomweka Hakimu juu ya wote, kwa sababu ndivyo ninavyoona mambo yakienda. Chunguza utagundua asiyetulia ana sauti ndani inayomwambia kwamba akibaki hapa mpaka mwisho, watu watamwona kiasi chake halisi. Duka likidumu miaka mitano litapimwa kwa mahesabu. Kitabu kikiisha kitasomwa na kukosolewa. Jambo lililoachwa katikati halipimwi na mtu, na mwenyewe anabaki na faraja kwamba lingekuwa kubwa.

Hapo lazima niseme mambo mawili kabla hujamtazama jirani yako vibaya.

La kwanza ni la hospitali. Kuna mwili usiotulia kwa sababu ya ugonjwa. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, mtu hupungua uzito na hawezi kukaa. Zipo dawa ambazo humfanya mgonjwa ashindwe kutulia miguu. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kuiletea miguu adha hiyo usiku. Wasiwasi uliokithiri ni ugonjwa na una tiba. Na wapo watoto, na watu wazima pia, ambao umakini wao unapotea na mwili wao hauwezi kutulia tangu utotoni kwa namna ambayo nasaha hazitoshi. Watu hawa wanahitaji daktari. Kuwahubiria subira ni kuwaonea.

La pili ni la mkate. Yupo mama anayechoma vitumbua alfajiri, mchana akafua nguo za watu, jioni akakaanga mihogo kando ya barabara. Mtu wa mjini anaweza kumwona anahangaika na mambo matatu. Mama yule ametulia kuliko wengi wetu. Kila siku saa hiyohiyo yuko mahali palepale, mteja anajua pa kumpata, na ada ya shule inalipwa. Kijana anayebadilisha kibarua kwa sababu kibarua kimeisha, au kwa sababu mwajiri halipi, naye simsemi. Dhiki inamhamisha mtu bila kumuuliza. Ninaowazungumzia ni wale ambao kazi ipo, inalipa au inakaribia kulipa, nao wanaondoka.

Na kuondoka si kosa siku zote. Evagrius mwenyewe aliuacha mji wa Constantinople na cheo chake, na sidhani yuko atakayemlaumu. Kipimo changu ni rahisi. Anayeondoka kwa haki hufunga hesabu: anawaaga wenzake, analipa madeni, anakabidhi funguo, na anaweza kueleza anachokiacha bila kukitukana. Anayekimbia huacha simu inaita.

Simu inaita kwa nani? Hili ndilo tusiloliangalia vya kutosha. Tunasema amejiharibia mwenyewe, ilhali yuko mke asiyejua kama nyumba hii ndiyo watakayozeekea. Yuko mtoto aliyehamishwa shule mara tatu, ambaye amejifunza kutowazoea marafiki. Viko vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo mwenyekiti wake alianza na sabuni ya maji, kabla sabuni haijapata wateja akahamia kuku, kabla kuku hawajataga akataka viti na maturubai ya kukodisha. Kila kuhama kulitoka kwenye mfuko wa wanachama, kina mama waliochanga kutoka kwenye hela ya mboga. Baada ya hapo mwanachama haamini tena kikundi chochote. Uharibifu huo ni mkubwa kuliko fedha, na mara nyingi mwenyekiti hana habari nao, kwa sababu ameshakuwa mahali pengine.

Nigusie simu kidogo. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California kule Irvine amekuwa akipima muda ambao mtu hukaa kwenye skrini moja kabla ya kuhamia nyingine. Mwaka 2004 wastani ulikuwa kama dakika mbili na nusu. Katika vipimo vya miaka ya karibuni umeshuka hadi sekunde 47 hivi. Simu haikumwumba mtu asiyetulia, Evagrius ni shahidi. Lakini zamani mtawa alipaswa kutoka jangwani ili aikimbie nafsi yake. Sasa unaweza kuikimbia umelala kitandani, bando likiwapo.

Tufanyeje? Evagrius alishauri jambo ambalo kwa wengi litasikika gumu mno: usikiache kibanda saa ile ya jaribu. Hakusema usikiache milele. Alisema usikiache saa ile. Uamuzi wa kuhama usifanywe katika joto la mchana, wakati kila kitu kinachukiza. Na alishauri kujiwekea kipimo katika kila kazi, usiiache mpaka kipimo kimetimia. Hebu lilete kwetu. Mwenye duka ajiambie: nitaendesha duka hili mpaka mwisho wa mwaka wa pili, nikiandika mauzo kila siku, kisha nitakaa na mahesabu nione. Siku hiyo ikifika anaweza kulifunga, na kulifunga kwake kutakuwa ni uamuzi. Kabla ya siku hiyo wazo jipya likija, na litakuja, tena zuri, liandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Lisipigiwe simu. Lisinunuliwe vifaa. Wazo zuri kweli litakuwa zuri hata mwaka ujao.

Mwanafunzi wa njia za wale watawa, John Cassian, amesimulia habari za mzee mmoja, Paulo, aliyeishi mbali mno jangwani, mwendo wa siku saba kutoka mji wa karibu. Alikuwa na mitende na kijibustani, chakula chake kilimtosha, na nauli ya kupeleka kazi za mikono sokoni ingezidi bei yake. Hata hivyo alikusanya makuti kila siku na kufanya kazi yake kana kwamba anaishi kwayo. Mwisho wa mwaka pango likijaa, aliichoma moto kazi yote, akaanza upya. Niliposoma habari hii mara ya kwanza niliona ni upotevu. Leo naiheshimu. Mzee yule alijua kwamba kazi ya kila siku inamjenga anayeifanya, hata kama hakuna mnunuzi. Sisemi uchome kazi yako, uza. Nasema siku ambayo hujauza haikupotea.

Waislamu wa pwani yetu wanayajua mazoezi ya namna hii. Kumi la mwisho la Ramadhani wapo wanaoingia itikafu: mtu anabaki msikitini, hatoki ila kwa haja ya lazima. Nimezungumza na waliokaa. Wanasema siku za mwanzo mawazo yanakimbia kwenye duka, kwenye deni, kwenye ugomvi wa zamani. Wanasema ukivumilia, yale uliyokuwa unayakwepa yanakuja, unayalilia, unayaombea, na yanapungua ukali. Hakuna aliyeniambia yalimuua.

Na hapo ndipo penye tiba yenyewe, kuliko daftari na kuliko kipimo. Asiyetulia lazima ajifunze kwa mwili wake kwamba huzuni ina mwisho, kwamba kuchoshwa kuna mwisho, kwamba hofu ya kupimwa nayo huisha. Hawezi kuambiwa akaamini. Ni lazima akae, mara chache mwanzoni, muda mfupi, na ikibidi akiwa na mtu: mshauri, shekhe, padri, rafiki mzima asiyeogopa kimya. Kwenye msiba ujao akae mkekani nusu saa kabla hajaenda kufuata viti. Viti vitafuatwa na vijana. Wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe, na kamba haifanyi lolote jingine ila kupita palepale.

Unayeishi na mtu wa aina hii, nakuomba usimsimange mbele za watu. Aibu ndiyo inayomtia mbio zaidi. Usimfadhili kila jambo jipya pia, hata akikulilia. Akija na mpango mpya, msikilize mpaka mwisho, kisha muulize kwa upole habari za ule wa mwanzo: nani bado anatudai, kuna nini kimebaki, tunaweza kukimaliza vipi?

Na wewe uliyejitambua katika mazungumzo haya, usianze kesho mpango mkubwa wa kujirekebisha. Huo nao utauacha. Chukua jambo moja tu uliloliacha katikati ambalo bado linaweza kuokolewa. Mpigie simu uliyemwacha nalo, kubali atakavyokupokea, mpange tarehe ya kulimaliza. Mpaka tarehe hiyo ifike, usimweleze mtu yeyote wazo jingine.